Mazoezi ya macho: miezi 11 yangu bila miwani, na wiki 12 za binti yangu na uzi wa shanga

#1 Mwalimu_Rula

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta, maana naogopa kuonekana nimekuja kuwavunja moyo watu wanaotafuta nafuu. Lakini wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alikuja mezani kwangu bila miwani. Nikamuuliza iko wapi, akanijibu ameiacha nyumbani kwa sababu "miwani inayafanya macho yawe mavivu", na sasa anafanya mazoezi ya macho aliyotumiwa kwenye simu. Alikuwa anakunja uso kusoma ubao akiwa dawati la kwanza. Nikaona nikikaa kimya nitakuwa nimemdhulumu, kwa sababu njia hiyo nimeipita mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, Morogoro. Miwani nimeanza kuvaa nikiwa chuo, na namba yangu ni -2.75 macho yote mawili. Karibu naona vizuri, mbali ni ukungu. Mwaka juzi niliingizwa kwenye kundi moja la WhatsApp ambako kulikuwa na mtu anauza PDF kwa elfu thelathini, ahadi yake ni kwamba ndani ya siku 90 unaachana na miwani. Nililipa siku hiyo hiyo.

Mazoezi yenyewe yalikuwa haya: kuzungusha macho mara 20 kulia na 20 kushoto, kufuata kidole gumba kikienda na kurudi, kusugua viganja mpaka vipate joto kisha kufunika macho dakika 10, kuelekeza uso kwenye jua la asubuhi macho yakiwa yamefumbwa, na "ukishazoea" unafumbua kidogo kidogo. Kila Jumapili unasoma chati ya herufi. Yangu niliichapisha stationery, nikaibandika ukutani kando ya kabati la vyombo, mita tatu kutoka kwenye kochi. Mstari niliofikia niliuwekea alama kwa peni nyekundu na tarehe.

Mwezi wa kwanza nilifika mstari wa pili. Mwezi wa tano nilikuwa mstari wa nne. Wakuu, nililia kwa furaha. Nikatoa ushuhuda kundini, na najua watu wanne waliolipa kwa sababu ya maneno yangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Huku maisha ya kila siku yananiambia kingine. Daladala nilikuwa naijua kwa rangi ya mstari wake, siyo kwa maandishi. Wanafunzi wa nyuma wakinyoosha mikono sioni, wakadhani nawabagua. Jioni moja narudi na pikipiki kutoka Mzumbe, giza linaingia, nilimwona mama mwenye beseni kichwani nikiwa nimeshamfikia. Nilimpita karibu kiasi kwamba ncha ya kanga yake iligusa mkono wangu. Nilisimama mbele pale nikazima pikipiki, miguu inatetemeka.

Usiku huo nilimwomba mke wangu futi yake ya kushonea. Kuna hesabu moja rahisi ambayo mimi, mwalimu wa hesabu, sikuwahi kuifanya: mtu asiyeona mbali akigawanya 100 kwa namba ya miwani yake, anapata sentimita ambapo uoni wake safi unaishia akiwa hana miwani. 100 gawanya kwa 2.75 ni 36. Kama mazoezi yamenishusha mpaka -1.50 kama nilivyokuwa naamini, uoni wangu ungefika sentimita 66. Mke wangu akashikilia ncha ya futi kwenye mfupa wa shavu langu, mimi nikalisogeza gazeti taratibu, bila kukunja jicho, mpaka kingo za herufi zilipoanza kulegea. Jicho la kulia: 36. Tukarudia: 35. La kushoto: 37. Miezi 11, na mpaka haujasogea.

Sasa ile mistari miwili niliyopanda ilitoka wapi? Mke wangu akaenda kwenye chati, akaanza kunigusia herufi moja moja kwa kurukaruka, akitokea mwisho. Nikakwama mstari ule ule wa pili. Chati nilikuwa nimeikariri, wakuu. Si kwa kutaka. Ukiisoma karatasi moja kila Jumapili kwa miezi mitano, kichwa kinamalizia pale jicho linapoishia. Na kuna jambo la pili: ukikaa bila miwani muda mrefu, ubongo unajifunza kukisia vizuri zaidi kutokana na ukungu ule ule. Hiyo ni faida ya kweli, lakini ni ya ubongo. Jicho liko pale pale. Kesho yake nikaenda kupima. -2.75.

Baada ya hapo nikakaa chini nisome kwa nini. Mazoezi haya chanzo chake ni Dkt. William Bates, daktari wa macho wa New York, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1920. Aliamini kwamba jicho hulenga karibu na mbali kwa kubanwa na misuli ya nje, ile inayoligeuza huku na huku, na kwamba misuli hiyo ikilegezwa miwani haihitajiki. Lakini kazi ya kulenga inafanywa na lenzi iliyomo ndani ya jicho, inayotunishwa na kunyooshwa na msuli mdogo unaoizunguka. Daktari akikuwekea matone ya kulegeza msuli huo, huwezi kusoma karibu kwa saa kadhaa, ingawa misuli ya nje inafanya kazi kama kawaida. Hapo nadharia nzima inaanguka.

Na sisi tusioona mbali, shida yetu kwa kawaida ni urefu. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele kwenda nyuma. Likirefuka milimita moja tu, picha inaangukia mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), na miwani inayotakiwa ni kama -2.50 hadi -3.00. Mimi nimezidi milimita moja. Hakuna namna ya kuzungusha macho itakayolifupisha. Tena misuli hiyo haijawahi kuwa dhaifu: tukiwa macho, jicho linaruka kama mara tatu kila sekunde likitafuta cha kutazama. Piga hesabu ya saa 16, unapata zaidi ya mara laki moja na nusu kwa siku. Mizunguko yangu 40 ya asubuhi ilikuwa inaongeza nini hapo?

Ningeishia hapa kama isingekuwa binti yangu.

Ana miaka 10. Shuleni walikuja kupima macho, akasoma chati mpaka chini, wakaandika 6/6. Lakini akisoma kitabu kwa dakika kumi anaziba jicho moja kwa kiganja, kichwa kinamuuma, anaruka mistari. Mwalimu wake akatuambia mtoto ni mvivu. Mimi nikiwa nimeshaungua na mambo ya mazoezi, mtaalamu mmoja wa Dar aliposema dawa yake ni mazoezi, nilitaka kuondoka. Akaniomba nitazame. Akachukua kalamu, akaisogeza polepole kuelekea pua ya mtoto. Ilipofika sentimita 14, jicho la kushoto likaachia, likaenda nje. Mtoto akasema, "Zimekuwa mbili." Kwa kawaida kalamu inatakiwa ifike sentimita 6 au chini ya hapo kabla ya kugawanyika. Macho yake kila moja lilikuwa zima, ila yalikuwa hayakutani yakitazama karibu.

Kwa tatizo hilo mazoezi ni tiba yenyewe. Marekani walilipima kwa watoto 221 wa miaka 9 hadi 17, matokeo yakatoka 2008. Baada ya wiki 12, waliofanya mazoezi kliniki kila wiki chini ya mtaalamu, wakaongezea na ya nyumbani, walipata nafuu asilimia 73. Walioachiwa kalamu nyumbani peke yake ni asilimia 43, na waliofanya mazoezi ya uongo ili kulinganisha ni asilimia 35. Tazameni hizo mbili za mwisho zilivyokaribiana. Kwa hiyo tulipanda basi la alfajiri kila Jumamosi kwenda Dar, wiki 12, na nyumbani akafanya ya uzi wa shanga. Leo kalamu inafika sentimita 5, na mtoto anasoma mikono yote miwili ikiwa kwenye kitabu.

Ndiyo maana nataka tuongee kwa utaratibu. Mtu akisema "mazoezi ya macho", tumuulize kwanza: ya tatizo gani? Aliyewahi kuyafanya aje na namba zake, za kabla na baada.

#2 Upepo_wa_Pangani

Mwalimu, pole kwa yaliyokukuta, na ahsante kwa kuwa mkweli. Ila mimi kwangu yamefanya kazi, na sitaki kunyamaza. Mwaka 2021 nikiwa najiandaa na mitihani ya uhasibu nilipimwa dukani wanakouza miwani, mashine ikatoa -1.50. Sikununua. Nikafanya yale ya viganja na ya kutazama mbali, kila siku, miezi miwili. Nikaenda kupima tena kwingine, -0.50. Hiyo siyo chati ya ukutani, ni mashine.

Na mzee wangu, miaka 71, nilimfundisha mazoezi hayo hayo mwaka jana. Alikuwa na miwani ya kusomea ya +2.50. Mwezi wa Ramadhani uliopita amesoma msahafu bila miwani, mbele yetu wote. Mtaniambia nini hapo?

#3 Mwalimu_Rula

Kaka, sikuiti mwongo hata kidogo. Naomba tu kuuliza mambo mawili. Siku ulipopimwa mara ya kwanza uliwekewa matone kabla ya mashine? Na mzee, akitazama mbali siku hizi anaonaje, hasa usiku taa za magari zikimjia?

#4 Lenzi_na_Fremu

Nimesomea optometria (upimaji wa macho na miwani), nafanya kazi hospitali ya mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Sitaji ni ipi kwa sababu hapa naongea kama mimi.

Pangani, ulichokipata ni cha kweli, na kina maelezo yake. Ule msuli wa ndani aliousema mwalimu, ukiutumikisha saa nane mfululizo kwenye vitabu na simu, hasa ukiwa kijana, unaweza kukaza na usiachie. Jicho linabaki limelenga karibu. Mashine inakupima katika hali hiyo, inatoa namba kubwa kuliko uliyonayo. Sisi tunauita ufupi wa uoni wa bandia. Mitihani ikiisha, ukilala, ukitazama mbali, msuli unaachia wenyewe. Kwa hiyo viganja na kutazama mbali vilikusaidia kweli, kwa sababu vilikupumzisha. Ile -0.50 iliyobaki ndiyo yako. Hii ndiyo sababu mtoto au kijana akija kwangu mara ya kwanza nampima na matone, hata kama mzazi analalamika kwamba tunachelewa. Mtoto anaweza kuvalishwa miwani ya namba isiyo yake kwa kukosa dakika arobaini za kusubiri.

Kuhusu mzee, hapa naomba unisikilize kama mdogo wako anayekuomba. Mtu wa miaka 71 anayeanza kusoma bila miwani ghafla, mara nyingi ni lenzi yake inayoanza kuwa ngumu na nzito katikati. Ni aina ya mtoto wa jicho. Lenzi ikiwa nzito inapinda mwanga zaidi, jicho linasogea upande wa kuona karibu, na kwa kipindi fulani mzee anafurahi kwamba macho yamerudi ujana. Mbali kunazidi kuwa ukungu na taa za usiku zinachanua. Jambo la pili ni sukari: ikipanda sana, lenzi inabadilika na namba ya miwani inayumba ndani ya siku au wiki. Mpeleke apimwe macho na sukari pia. Usisubiri mavuno yaishe. Na wakati wa kupima, muombe daktari atazame presha ya macho, kwa sababu hiyo ikipanda inakula uoni wa pembeni kimya kimya, haina maumivu, na sisi watu weusi tunaipata zaidi na mapema zaidi.

Na yule mwanafunzi wa mwalimu aliyeacha miwani: Malaysia waliwahi kuwapa watoto miwani yenye nguvu pungufu kwa makusudi, wakitegemea macho yatajikaza. Matokeo yalichapishwa 2002. Waliopunguziwa, macho yao yalizidi kuharibika haraka kuliko waliovaa namba kamili. Miwani haimfanyi mtu kuwa mtumwa. Ukiivua unaona vibaya kwa sababu umeshajua kuona vizuri kunavyofanana.

#5 Fundi_wa_Mbagala

Habari zenu wakubwa. Mimi ni fundi cherehani, nimetimiza 46. Kutunga uzi kwenye sindano sasa namwita kijana wa dukani. Gazeti nalisogeza mpaka mkono unanyooka. Nimeona video ya mazoezi ya kurudisha uoni wa karibu, unatazama kidole halafu ukuta, kidole halafu ukuta, mara hamsini. Nimefanya wiki sita. Naomba ukweli bila kuficha.

#6 Lenzi_na_Fremu

Shikamoo fundi. Ukweli ni kwamba hayo mazoezi hayatarudisha. Lenzi ya ndani tunazaliwa nayo ikiwa laini, na kila mwaka inakuwa ngumu kidogo. Kuanzia miaka 40 hivi ugumu unafika pale ambapo msuli unavuta vizuri tu lakini lenzi haitikisiki. Inampata kila mtu, mwenye shule na asiye na shule, dereva na mkulima. Kwa kazi yako pima sentimita kutoka jichoni hadi kwenye sindano, nenda nayo hiyo namba kwa mpimaji, atakupa miwani inayolenga hapo hapo. Kwa umri wako inaweza kuwa +1.50 au karibu na hapo.

#7 Mwalimu_Rula

Fundi, niongezee moja kwa sababu limenigusa sana nilipolisoma. Assam, India, waliwachukua wachuma chai zaidi ya 700 wenye miaka 40 na zaidi, wenye shida hii yako. Nusu wakapewa miwani ya kusomea, nusu wakasubiri. Matokeo yalitoka 2018: waliovaa miwani walipandisha kilo za chai kwa asilimia kama 22 zaidi ya wenzao. Miwani ile ile rahisi, siyo dawa wala upasuaji. Fikiria kina mama wa Mufindi na Kericho wanaochuma kwa kukisia. Fikiria na wewe, nguo ngapi umezirudia kwa sababu mshono umepinda. Hapa kwetu Kongwa, Dodoma, watafiti waliwapima watu wa vijijini wa miaka 40 na kuendelea, zaidi ya nusu walikuwa na tatizo hili. Tunadhani miwani ni ya wasomaji, kumbe kuchambua mchele, kutoa mwiba mguuni kwa mtoto, kusoma tarehe kwenye dawa, yote ni uoni wa karibu.

#8 Dada_wa_Kitale

Hamjambo nyote. Mimi niko upande wa Kenya, Kitale. Nasoma hii story ya mtoto kuitwa mvivu nikimkumbuka kijana wangu. Huku kwetu kaunti ya Trans Nzoia kulikuwa na utafiti kwenye shule 50, walimu wenyewe walifunzwa kupima watoto macho kwa simu, ile programu ya Peek iliyofanyiwa kazi kwanza huko Nakuru. Wazazi wa upande mmoja walionyeshwa picha ya jinsi mtoto anavyoona na wakawa wanakumbushwa kwa SMS. Asilimia 54 walifika hospitali. Upande mwingine waliopewa karatasi tu ya rufaa, ni asilimia 22. Mimi ni kati ya wale karatasi ilipotelea kwa begi. Kijana alikaa mwaka mzima.

Swali langu ni la kitinda mimba, miaka 6. Haoni mbali bado, yuko sawa, lakini mimi na babake sote tuna miwani. Kuna zoezi lolote la kuzuia?

#9 Mwalimu_Rula

Dada, hili swali ndilo lililonikosesha usingizi kwa binti yangu pia, na jibu lake ni zuri kuliko PDF zote. China, tangu 1963, wanafunzi wamekuwa wakifanya mazoezi ya macho darasani, kukanda sehemu fulani za uso kwa vidole huku muziki ukipigwa. Vizazi na vizazi vimefanya. Watoto wasioona mbali wakazidi kuongezeka. Halafu Guangzhou wakajaribu kitu kingine kwenye shule 12: watoto wa darasa la kwanza, miaka 6 kama wako, nusu ya shule wakaongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, walioanza kupoteza uoni wa mbali walikuwa asilimia 39.5 kwenye shule za kawaida, na 30.4 kwenye shule za kwenda nje. Matokeo yalichapishwa 2015. Taiwan nao tangu 2010 wanasisitiza dakika 120 nje kwa siku.

Inaonekana ni mwanga wenyewe unaofanya kazi, ule wa nje, ambao hata chini ya mwembe unazidi wa darasani mara nyingi. Siyo kutazama jua, na hapa nasema kwa herufi nzito: JUA HALITAZAMWI, liwe la asubuhi au la jioni, linaweza kuunguza retina, na huenda isipone. Mwache mtoto acheze rede, akimbize tairi, atumwe dukani. Kwangu homework sasa inaanza baada ya saa kumi na mbili jioni.

#10 kijana_wa_tempo

Vipi karoti? Na zile miwani za kuzuia mwanga wa bluu wa simu? Nakaa kwenye kompyuta saa kumi.

#11 Lenzi_na_Fremu

Karoti ni nzuri kwa sababu ya vitamini A. Mtu akiikosa, anaanza kwa kutoona gizani na anaweza kuishia kupofuka kabisa, watoto hasa. Lakini matembele, mchicha, maembe, maini na mawese yanatosha kabisa, na ukishakuwa nayo mwilini kuongeza karoti hakupunguzi namba ya miwani. Miwani ya mwanga wa bluu: mwaka 2023 walikusanya tafiti 17, hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Weka pesa yako.

Kinachokuchosha ni kukodoa. Mtu wa kawaida anapepesa kama mara 15 kwa dakika, kwenye kompyuta inashuka hata chini ya nusu ya hapo, jicho linakauka, linawasha, linakuwa jekundu. Kila dakika 20 inua uso, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi, kope zikutane kabisa. Shusha kioo cha kompyuta kiwe chini kidogo ya usawa wa macho. Hayo ni mazoezi ya macho ninayoyaagiza kila siku.

#12 Nesi_wa_Zamu

Niongeze moja tu nikiwa natoka zamu. Jana usiku tumempokea mtoto wa miaka 4, jicho jekundu, nyumbani wamemtilia maji ya majani na maziwa ya mama siku tano. Kioo cha jicho kimeshaweka kidonda cheupe. Jicho halitiliwi kitu ambacho hakikutoka kwenye chupa ya dawa ya macho. Hata hiyo chupa, usinunue matone dukani kwa sababu yalimponya jirani. Kuna yenye steroidi, yanakutoa wekundu kwa siku mbili, ukiendelea nayo miezi yanapandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Nimeona kijana wa miaka 22 amepofuka hivyo.

Na jicho la mtoto likionekana jeupe katikati kwenye picha ya flashi, usisubiri kesho.

#13 mama_wa_pacha

Mwalimu, wa kwangu ana makengeza na tumeambiwa jicho moja ni vivu. Huo uzi wa shanga unaweza kumsaidia? Tunaufanyaje?

#14 Mwalimu_Rula

Mama pacha, usianze nao. Jicho vivu ni jambo jingine: ubongo umeacha kulisikiliza jicho moja. Tiba yake kwa kawaida ni miwani sahihi kwanza, kisha kuziba lile zima ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Kwa wenye hali ya wastani, utafiti wa 2003 ulionyesha kuziba saa 2 kwa siku kulisaidia sawa na saa 6. Lakini anayepanga saa ni daktari wa macho, na mtoto akiwa mdogo ndipo inapokubali zaidi, kwa hiyo usimsubirishe.

Uzi wa shanga nitaueleza tu mjue ulivyo. Ni kamba ya mita moja na nusu yenye shanga tatu, nyekundu, njano na kijani. Ncha moja tuliifunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, nyingine binti yangu aliibana kwenye ncha ya pua. Ukitazama shanga ya katikati kwa macho yote mawili, unatakiwa uione hiyo moja tu, nyuzi mbili zinakatana pale kama herufi X, na shanga za mbele na nyuma kila moja inaonekana mbili. Ukiona uzi mmoja peke yake, ubongo umezima jicho moja. Siku ya kwanza shanga nyekundu ikiwa sentimita 15 alisema, "Baba, imegawanyika, siwezi kuishika." Alilia kidogo. Wiki ya tatu alinyamaza muda mrefu, nikadhani amechoka, kisha akasema taratibu kama anaogopa kuitisha, "Zimeungana." Shanga ile tuliisogeza nusu sentimita kila baada ya siku chache.

Kwa mtoto mwenye makengeza, mtaalamu ndiye wa kusema kama afanye hili au la. Likifanywa mahali pasipo pake linaweza kumletea kuona vitu viwili viwili.

#15 Fundi_wa_Mbagala

Nimepima leo asubuhi. Sentimita 38 hadi kwenye sindano. Wamenipa +1.75. Nimetunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, mara moja tu, kijana wa dukani anashuhudia.

#16 Upepo_wa_Pangani

Narudi baada ya wiki tatu, kama nilivyomwahidi Lenzi kwenye PM.

Tulimpeleka mzee Tanga mjini. Nilimuuliza swali la mwalimu la taa za usiku tukiwa kwenye gari, akanijibu kwamba ana miezi minane haendi swala ya Isha msikitini kwa miguu kwa sababu bodaboda zikija anaona "jua limefunguka". Hakutuambia. Sisi tulikuwa tunashangilia msahafu.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, katikati ya lenzi, kama ulivyosema. Sukari iko juu kidogo, ameanzishiwa vidonge. Presha ya macho ni salama. Daktari kamwambia asijilaumu na mazoezi, hayakumdhuru, ila yangemchelewesha. Nimemuomba msamaha mzee, akasema nisimsumbue, nimsomee tu tarehe ya upasuaji iliyo kwenye karatasi ya ukutani, maana ya mbali haioni.

Ni Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi. Wanaanza na jicho la kulia.